Kutoka Isimani hadi Rungwe: jiwe linavyoharibika kabla ya kupimwa

Mashine inayopima isotopu haina makosa mengi. Ikipangwa vizuri asubuhi na kupewa punje za kulinganishia, kutwa nzima hutoa uwiano wenye shaka ya asilimia moja au mbili tu. Katika misimu miwili ya kutafuta umri wa miamba ya Nyanda za Juu Kusini, karibu kila kilichotuharibikia kiliharibika kabla jiwe halijafika huko: korongoni, ndani ya kiroba, kwenye karasha la kusagia mawe. Mengine yaliharibika baadaye, kwenye jedwali la hesabu. Haya ndiyo tungependa kuyajua kabla ya kununua nyundo.

Msingi wenyewe hauhitaji hisabati nyingi. Atomi za elementi moja huweza kutofautiana uzito kwa idadi ya nyutroni, na hizo ndizo isotopu. Baadhi hudumu, baadhi huvunjika taratibu na kugeuka elementi nyingine, kwa mwendo ambao joto la ardhini haliubadilishi. Nusu ya urani-238 huwa imegeuka risasi-206 baada ya miaka bilioni 4.468. Urani-235 ina haraka zaidi: nusu yake huwa risasi-207 baada ya miaka milioni 704. Rubidi-87 huzaa stronti-87, samari-147 huzaa neodimi-143, na sehemu ya potasi-40 hugeuka gesi ya argoni-40. Ukipima mzazi aliyebaki na mtoto aliyezaliwa ndani ya punje ileile, unapata muda uliopita tangu punje hiyo ifunge mlango, yaani tangu ipoe kiasi cha kutomruhusu mtoto kutoroka. Hilo la mlango tulilichukulia kirahisi mno mwanzoni.

Kosa la kwanza lilikuwa la mezani. Tulichagua njia ya kupima kabla ya kuchagua swali. Zirkoni, madini ya punje ndogo ngumu zenye urani ndani yake, ina sifa, kila mtu anaitaja, basi tukataka zirkoni kwa kila kitu. Lakini barabara ya kutoka Iringa hadi Tukuyu inapita juu ya historia zisizofanana kabisa. Upande wa Isimani, kaskazini ya Iringa, kuna eklojaiti za ukanda wa Usagara zenye takriban miaka bilioni 2. Ni miamba iliyobanwa kwenye kina kirefu, na ilipotangazwa mwaka 1995 ilihesabiwa miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi kwamba sakafu ya bahari ilikuwa ikizama chini ya bara tangu wakati huo. Kutoka Mbeya kuelekea kaskazini-magharibi hadi Ziwa Tanganyika unaingia ukanda wa Ubende, nao ni wa kale vilevile, na umefinyangwa zaidi ya mara moja. Panda Hill, karibu na Songwe, ni karbonatiti, yaani mwamba wa magma uliojaa kaboneti, yenye metali ya niobi, iliyopanda zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Miamba ya Nsungwe katika bonde la Rukwa, ilikotoka mifupa ya nyani na sokwe wa kale iliyotangazwa mwaka 2013, ina miaka milioni 25.2, na umri huo umepatikana kwa kupima majivu ya volkeno yaliyolala kati ya matabaka. Rungwe yenyewe ilirusha mawe mepesi, yale yanayoelea majini, takriban miaka 4,000 iliyopita tu.

Hakuna njia moja inayofika kote huko. Basalti haina zirkoni ya maana, kwa sababu magma yake ina silika kidogo. Tulibeba kilo 20 za basalti kutoka bonde la Kiwira, tukasaga, tukaosha, tukatafuta kwa darubini siku mbili, hatukupata hata punje moja. Kwa lava changa za Rungwe tafuta trakaiti au fonolaiti zenye feldispa iitwayo sanidini, upime argoni. Kwa graniti na naisi (mwamba wenye mistari uliopikwa upya ardhini) za Iringa, zirkoni. Kwa eklojaiti, zirkoni ni chache na ndogo, kwa hiyo ganeti nayo ihifadhiwe. Kwa mkaa uliofunikwa na majivu, kaboni-14, lakini usivuke miaka 50,000.

Vibali visikusumbue kama umeanza mapema, na mapema ni miezi mitatu au minne. Mkiwa na mshirika wa kigeni, kibali cha utafiti kinatoka COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ndani ya hifadhi ya msitu wa Mlima Rungwe huokoti jiwe bila ruhusa ya wenye hifadhi. Kwa kusafirisha sampuli nje ya nchi, nenda kwa Afisa Madini Mkazi na orodha yenye uzito wa kila jiwe, aina yake na mahali lilipotoka. Jambo dogo la lugha: kwenye karatasi za mzigo usiandike "sampuli za kupima risasi". Andika "isotopu za metali ya risasi", la sivyo jioni nzima utakuwa ukieleza kwamba hakuna bunduki.

Kijijini anza kwa mtendaji, kisha mwenye shamba. Ukishika nyundo mkoa wa Mbeya au Songwe, watu wanajua ni dhahabu. "Vijana, mmeipata?" ndilo swali la kila mzee. Kujibu "hapana, shikamoo mzee, tunatafuta umri wa jiwe" hakutoshi. Pasua jiwe mbele yake, mpe kipande kimoja, mwoneshe kwamba unachobeba ni kilekile alichonacho yeye chini ya migomba. Dakika 15 hizo huokoa siku.

Sasa jiwe lenyewe. Mteremko wa kusini wa Rungwe unapata mvua nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya nchi, na mvua hiyo imekula mawe hadi mita kadhaa chini ya udongo. Jiwe lililoliwa hupoteza potasi na rubidi, stronti huhama, na udongo mpya hujenga makao kwenye nyufa. Ukilipima utapata namba, tena namba nzuri tu, isiyo na maana yoyote. Njia ya kujua ni ya fundi: ligonge. Jiwe zima hulia kama chuma, nyundo inarudi mkononi. Jiwe bovu linajibu kwa sauti butu na kuacha unga. Kisha angalia feldispa: ziking'aa kama kioo, endelea, zikiwa nyeupe kama chokaa, acha. Olivini yenye ukingo mwekundu wa kutu nayo acha.

Mahali pazuri ni machimbo ya kokoto yanayofanya kazi na sakafu za mito. Sakafu nasema, siyo mawe yaliyolala juu yake. Jiwe la duara ndani ya Kiwira limetoka juu, na hujui juu ipi. Kando ya Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba juu ya Kiwira, lava iko mahali pake, imeoshwa na maji mpaka inaonekana mipasuko yake. Hapo unaweza kusema umechukua mwamba fulani. Kando ya barabara kuu kuna mtego mwingine: kokoto za tuta la barabara zilibebwa na malori kutoka machimbo ya mbali. Mojawapo ya sampuli zetu za "naisi ya Mafinga" ilikuwa na lami upande mmoja, na hatukuiona mpaka ilipooshwa.

Chukua kilo 5 hadi 10 kwa zirkoni, kilo 2 kwa kemia, na kipande kama ngumi kwa ajili ya kukatwa kuwa kipande chembamba kama wembe, cha kutazama chini ya darubini. Ondoa ganda palepale kwa nyundo na tindo. Ukiacha kazi hiyo kwa ajili ya nyumbani, utalipia usafiri wa takataka: sampuli 12 za kilo 8 ni kilo 96, na theluthi ya mzigo wetu wa kwanza ilikuwa maganda. Kama shabaha yako ni isotopu za risasi, kumbuka kwamba alama za nyundo huacha metali juu ya jiwe. Uso huo ukatwe kwa msumeno na kusuguliwa kwa msasa kabla ya kusagwa.

Kuhusu alama, wino wa kalamu isiyofutika hufutika. Vumbi la jiwe ndani ya kiroba hufanya kazi ya msasa kilomita zote za kutoka Uyole hadi Dar es Salaam. Andika namba juu ya jiwe, weka karatasi ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, kisha andika tena juu ya mfuko wa nje. Namba iwe ileile kwenye daftari, kwenye picha na kwenye GPS. Halafu hili, ambalo lilitupotezea siku tatu: ramani za zamani za jiolojia za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na GPS ikitoka dukani inasoma WGS84. Tofauti kati yao huku kwetu ni takriban mita 300. Kwenye graniti pana hakuna anayejali. Kwenye mkanda wa eklojaiti wenye upana wa mita chache, mita 300 ni mwamba mwingine kabisa, na unaweza kurudi nyumbani na naisi ukiamini umebeba kitu cha pekee.

Kusaga ndiko kulikotuumiza kuliko yote, na ilikuwa tamaa ya kupunguza gharama. Chunya kuna karasha za wachimbaji wadogo, bei ni ya kawaida, na kilo 8 zinakuwa unga kwa muda mfupi. Sampuli moja ya majivu ya volkeno, mali ya thamani, tuliisaga huko baada ya kuosha mashine kwa maji. Ilipopimwa, ilikuwa na punje changa kama tulivyotarajia, na punje nyingine za karibu miaka bilioni 1.9. Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Volkeno ikipenya kwenye miamba ya kale inaweza kweli kubeba punje za kale na kuzitema pamoja na majivu. Lakini miamba ya dhahabu ya Lupa, ambayo karasha ile ilikuwa ikiisaga kila siku, nayo ni ya umri wa namna hiyo. Hakuna kipimo kinachoweza kutenganisha visa hivyo viwili. Sampuli nzima ilitupwa, pamoja na fedha za kuipima. Karasha hizo zina zebaki pia, ambayo ni balaa kwa mashine: zebaki-204 ina uzito sawa na risasi-204 na huificha.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Tumia mashine ya taya ya maabara. Isugue kwa brashi ya waya, ipulize kwa hewa yenye mgandamizo, ifute kwa spiriti. Kisha saga kipande cha sampuli yako yenyewe na ukitupe, ili kama kuna mabaki yaondoke nacho. Ndipo usage kilichobaki, ukipitisha kwenye chekeche ya mikroni 300 au 400 na kurudisha makubwa. Usisage kuwa unga mwororo kwa pupa. Zirkoni nyingi zina urefu wa mikroni 50 hadi 200, na pupa huzivunja. Kati ya sampuli na sampuli badilisha wavu wa chekeche, kwa maana punje hunasa kwenye matundu na zinangoja sampuli inayofuata. Kwa unga wa kemia tumia kinu cha akiki. Vyuma vigumu vya tangsteni huacha tangsteni, kobalti na tantali ndani ya unga.

Kuosha ni kazi ambayo kijana wa Chunya anaijua kuliko mhitimu yeyote. Ni karai lile lile la dhahabu, na mkono ule ule. Kwazi ina uzito wa gramu 2.65 kwa sentimita ya ujazo, zirkoni karibu 4.6, hivyo kwazi inatoka na maji na zirkoni inabaki chini pamoja na chuma na ganeti. Sharti moja: karai liwe jipya, halijawahi kuona mto. Baada ya hapo pitisha sumaku ya mkono, kisha kimiminika kizito cha 2.9, kisha kile cha 3.3 kama una chumba chenye feni ya kunyonya hewa, maana mvuke wake ni sumu. Mwisho ni sumaku ya umeme yenye mfereji ulioinama, ukipandisha mkondo wa umeme hatua kwa hatua. Zirkoni safi hazivutwi. Zile zinazovutwa mara nyingi zimeharibiwa na mionzi ya urani yao wenyewe na zimepoteza risasi.

Lakini usafi huo una ubaya wake. Kama swali lako ni mchanga wa mto wa kale ulitoka milima ipi, kuchagua punje nzuri ni kudanganya. Hapo unamwaga punje bila kuchagua na kupima nyingi. Hesabu inayokubalika ni punje 117, ukitaka uhakika wa asilimia 95 kwamba hujakosa kundi lolote linalofikia asilimia 5 ya mchanga. Tulipima 60 kwanza, kwa ajili ya bajeti, na kulazimika kurudia.

Punje hupangwa kwenye gundi ya epoksi, husuguliwa hadi nusu yake, kisha hupigwa picha kwa miale ya elektroni. Picha hizi si mapambo. Punje ya zirkoni kutoka naisi ya Iringa chini ya miale hiyo inafanana na kitunguu: kiini chenye mistari myembamba sambamba, kilichokua ndani ya magma, na nje yake ganda lililotulia, jeusi au jeupe, lililokua wakati mwamba ulipopikwa upya. Kiini na ganda ni matukio mawili, na huenda kati yao kuna miaka milioni mia kadhaa. Doa la leza lina kipenyo cha mikroni 20 hadi 30 na linachimba karibu mikroni 15 kwenda chini. Likikaa nusu kiini nusu ganda, mashine inatoa wastani wa historia mbili. Kama kiini kina bilioni 2.6 na ganda bilioni 2.0, utapata bilioni 2.3, umri ambao hakuna kilichotokea. Siku ya kwanza tulipima bila kusubiri picha kwa sababu saa za mashine zilikuwa zimelipiwa. Karibu nusu ya madoa yale yalikuwa mpakani. Bora kuahirisha.

Mezani kwa mashine, panga hivi: punje ya kulinganishia iitwayo 91500, yenye miaka milioni 1,065, mwanzoni, mwishoni na kila baada ya madoa 8 hadi 10 ya kwako. Weka na ya pili, kama Plešovice ya milioni 337, lakini hiyo uichukulie kama mgeni usiyemjua umri. Ikitoka 337 na shaka kidogo, endelea. Ikitoka 345, simama, maana hata zako zimepotea kwa kiasi hicho na hakuna anayekuambia. Wapo watakaokushauri uache punje ya pili ili upate nafasi zaidi. Usikubali.

Ubora wa urani ni kwamba ina saa mbili ndani ya punje moja. Kwa mwamba wa miaka bilioni 2, uwiano wa risasi-206 kwa urani-238 unapaswa kuwa karibu 0.364, na wa risasi-207 kwa urani-235 karibu 6.17. Saa zote mbili zikikubaliana, nukta inakaa juu ya mchirizi wa makubaliano. Risasi ikiwa imetoroka, nukta inaanguka chini ya mchirizi, na nukta nyingi zilizoanguka hujipanga kwenye mstari. Mstari huo unakata mchirizi mahali pawili. Pa juu huwa pana maana zaidi. Pa chini usipatungie tukio la kijiolojia kwa haraka, kwa sababu risasi inaweza kuvuja kidogo kidogo mpaka leo, mvua ya jana ikisaidia.

Kuna risasi nyingine ambayo haikuzaliwa ndani ya punje, ilikuwepo tangu mwanzo, na lazima iondolewe kwenye hesabu. Ni tatizo lile lile lililomkabili mwanakemia wa Marekani Clair Patterson alipotafuta umri wa dunia. Alilitatua kwa kupima kimondo cha chuma cha Canyon Diablo: madini yake ya salfaidi hayana urani ya kuhesabika, kwa hiyo risasi yake imebaki ilivyokuwa siku ya kwanza. Jibu lake la mwaka 1956 lilikuwa miaka bilioni 4.55. Sisi tuna kimondo cha chuma hapo Mbozi, cha tani takriban 16, na wanafunzi hupigwa nacho picha bila kuambiwa kwamba jamaa yake ndiye aliyetoa umri wa dunia.

Narudi kwenye ule mlango. Mwamba mmoja wa ukanda wa Usagara au Ubende unaweza kukupa umri tatu, na wote ukawa sahihi. Zirkoni hufunga mlango juu ya nyuzi 900 za Selsiasi, honblendi kwa argoni karibu 500 na kitu, mika nyeusi karibu 300. Miaka milioni 650 hadi 500 iliyopita, mabara yalipogongana kuunda Gondwana, joto lilipita tena katika miamba hii. Halikutosha kugusa zirkoni nyingi. Lilitosha kufungua mika. Kwa hiyo mika ikikupa milioni 550 na zirkoni bilioni 2, hakuna maabara iliyokosea. Tulibishana wiki mbili na maabara moja kwa barua pepe kabla ya kulielewa hili, na maabara ilikuwa sahihi.

Hesabu za zamani nazo zina mtego. Umri mwingi wa rubidi na stronti uliochapishwa zamani ulitumia kasi ya kuvunjika ya 1.42 kwa kumi kipeo hasi kumi na moja kwa mwaka. Siku hizi hutumika 1.3972. Umri wa milioni 2,000 unakuwa karibu milioni 2,033 bila jiwe kubadilika. Ukiweka namba za zamani na mpya kwenye mchoro mmoja bila kurekebisha, utaona tukio la miaka milioni 33 ambalo limezaliwa kwenye vitabu.

Kemia ya stronti na neodimi naipitia haraka kwa sababu maabara nyingi hazikuruhusu uifanye mwenyewe. Unga wa miligramu 50 hadi 100 huyeyushwa kwa asidi ya haidrofloriki na ya naitriki kwenye vikombe vilivyofungwa, juu ya sahani ya moto, siku tatu au zaidi. Asidi hiyo ya kwanza haichezewi: mafuta ya kalsiamu glukonati yawe mezani kabla chupa haijafunguliwa. Rubidi isipotolewa yote, ya uzito wa 87 itajifanya stronti. Uliza maabara uwiano wa stronti-87 kwa stronti-86 waliopata siku hiyo kwa NBS 987, stronti ya kulinganishia. Unapaswa kuzunguka 0.71025. Wasipokuandikia, hujapewa matokeo kamili.

Lava changa zina adabu zake. Jiwe la miaka 100,000 limezalisha argoni kidogo sana, na hewa imejaa argoni-40. Punje lazima ziwe safi, bila kioo kilichooza, na feldispa ioshwe kwa asidi hafifu. Kabla ya kupimwa, sampuli huingizwa kwenye kinu cha nyuklia ili potasi-39 igeuke argoni-39, kisha hungoja mionzi ipungue. Hiyo ni miezi, na haina njia ya mkato. Mwanafunzi mwenye muda wa mwaka mmoja asipange argoni kuwa nguzo pekee ya tasnifu yake.

Mkaa chini ya mawe mepesi ya Rungwe ni rahisi zaidi, lakini ufungwe kwenye karatasi ya alumini, usiguswe kwa mkono wala kufungwa kwa karatasi ya kawaida, na mizizi midogo itolewe yote. Mkaa wa kale sana ukichanganyika na asilimia 1 ya kaboni ya leo utaonekana wa miaka 37,000 hata kama ni wa milioni. Upande wa volkeno ya Kyejo kuna kosa la kinyume. Gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini haina kaboni-14 kabisa. Mti ulioota jirani na tundu la gesi na kuvuta humo sehemu ya tano ya kaboni yake ungeonekana mzee kwa karibu miaka 1,800 siku ileile uliokatwa. Uliza wenyeji ni wapi ndege na panya hufa kwenye mashimo, na usichukue mkaa hapo.

Matundu hayo hayo ya gesi ndiyo yenye habari kubwa kuliko yote, kwa heli. Heli-3 nyingi imebaki tangu dunia kuumbwa. Heli-4 huzaliwa kila siku na urani na thori. Gesi iliyotoka kwenye ganda la bara ina uwiano wa heli-3 kwa heli-4 wa karibu mara 0.02 ya ule wa hewa, lava za katikati ya bahari karibu mara 8. Punje za lava za Rungwe zimetoa hadi karibu mara 15, jambo linaloonesha kwamba kitu cha kina kirefu sana kinapanda chini ya Mbeya. Na si mbali na hapo, bonde la Rukwa, mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza hazina ya heli ya upande mwingine, ile ya ganda, iliyojikusanya kwenye miamba ya kale na kufunguliwa na joto la volkeno.

Kwa hiyo kukusanya gesi kunavutia, na wengi huharibu kwa kutumia chupa. Heli hupenya kioo, na plastiki haiizuii hata kidogo. Tumia bomba la shaba lililobanwa kwa vibano pande zote mbili, baada ya kuacha gesi ipite muda mrefu kufukuza hewa. Maabara ipime na neoni, kwani uwiano wa heli-4 kwa neoni-20 ukikaribia 0.32 umekusanya hewa ya Tukuyu. Kwa olivini ya lava, chukua jiwe lililofichwa, siyo lililokaa juani miaka elfu: miale ya angani hutengeneza heli-3 juu ya mawe yaliyo wazi. Kisha uombe punje zipondwe ndani ya ombwe, zisiyeyushwe, ili itoke gesi ya magma iliyonaswa kwenye mapovu tu.

Jambo la mwisho linahusu kilichobaki. Pasua kila jiwe mara mbili kabla ya kusaga, nusu moja isiende popote. Zetu ziko kwenye ndoo za lita 20 zenye vifuniko, namba imechongwa kwa tindo juu ya jiwe lenyewe. Sampuli tatu kati ya 12 za msimu wa kwanza tulizisaga zote, na ndizo hizo tatu ambazo kila anayesoma matokeo huomba kipande.